Kiti cha Kushoto

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, amekaa kiti cha kushoto cha gari kwa miaka ishirini na sita. Si kwamba hajui kuendesha. Nusu ya madereva wa mji wetu wamepita mikononi mwake. Ni kwamba kiti cha kulia, chenye usukani, ni cha mwanafunzi, na mwalimu wa udereva hukaa kushoto, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki ya pili iliyofungwa upande wake, akingoja kosa. Ndiyo maana watu humwita Mwalimu Breki, naye huitika bila kinyongo.

Naandika habari zake kwa kuwa nina hasira. Hasira yenyewe ni ya zamani, lakini sikuujua mzizi wake mpaka mwaka huu, alipolileta nyumbani gari lake la kwanza, la mtumba, akiliendesha peke yake siku tatu kutoka mji wa bandari. Na nakiri mapema, ili nisije nikaonekana hakimu asiye na doa: fungu moja la hasira hiyo ninastahili mimi.

Shule anayofundisha ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuna meza iliyochorwa barabara na mizunguko, na juu yake magari madogo ya mbao ambayo mwanafunzi huyasogeza kwa kidole kabla hajaruhusiwa kusogeza la kweli. Nje kuna benchi, na gari moja jeupe lenye breki mbili na klachi mbili. Shemeji ana kanuni zake ambazo hazijawahi kupindishwa na mkubwa wala mdogo. Mwanafunzi avae viatu bapa. Simu ikae kwenye droo. Na mtu hagusi usukani kabla hajaleta karatasi kutoka kwa daktari wa macho.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyowakimbiza wengi. Shule nyingine humuuliza tu mtu kama anaona. Akisema anaona, basi anaona. Shemeji hakukubali. Mwoka mikate mmoja alibishana naye mlangoni mbele ya watu.

"Mwalimu, mimi mkate ukiiva naujua kwa harufu. Macho ya nini?"

"Lori nalo lina harufu," shemeji akamjibu, "ila utaisikia likiwa juu yako."

Mwoka mikate akaenda kupimwa, akagundulika ana mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, na mpaka leo anasambaza mikate yake mwenyewe. Mimi nami nilipimwa. Miwani niliyovaa ninapoandika haya ni matunda ya kanuni ile.

Sasa nije kwa dada.

Dada yangu ni mshonaji wa sare za shule. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, chenye cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia, na kila unapokanyaga sakafuni kuna kipande cha uzi kinachokufuata hadi nyumbani kwako. Ameshonea shule tisa. Sare zikishakamilika hufungwa mizigo, na mizigo humsubiri mtu wa pikapu ambaye leo anasema kesho na kesho anasema gari limeharibika. Kwa hiyo dada alitaka jambo moja tu, na alilitaka tangu mwaka wa pili wa ndoa yake: kujua kuendesha, ili apeleke kazi yake mwenyewe.

Shemeji alimjibu kwa kanuni ya mwenye shule, iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: mwalimu asifundishe mtu wa nyumba yake kwa gari la shule. "Subiri tupate letu," alisema. Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa. Sababu isiyoandikwa aliisema vibarazani, wanaume wenzake wakicheka.

"Mke ameshika usukani, mume ameshika breki? Hilo si somo, hiyo ni talaka inayotembea."

Nami nilicheka. Siku dada alipombana kabisa, mezani, akajitetea kwa methali: "Mke wangu, kinyozi hajinyoi."

"Sawa, hajinyoi," dada akasema. "Lakini mimi si kichwa chako. Mimi nina kichwa changu."

Tulicheka tena, sote watatu, na maneno mazito kuliko yote yaliyowahi kusemwa katika nyumba ile yakapita kama mzaha. Hivyo ndivyo tunavyowanyamazisha wanawake wenye akili: tunawasifu kwa ulimi wao mkali, kisha tunaendelea na mlo.

Miaka kumi iliyopita nilijiandikisha mimi. Mwenye shule alisema shemeji wa kike haishi chini ya paa la mwalimu, hivyo si mtu wa nyumba yake. Nikafurahi, sikuhoji. Kila Jumamosi dada alinisindikiza, akaketi kwenye lile benchi la nje akiwa amenishikia mkoba. Nilipokuwa nikirudi, jasho likinitoka, aliniuliza swali lilelile: "Leo mmefika gia ya ngapi?" Mimi, ambaye ni katibu wa kamati ya wazazi, niliyesimama mbele ya mwalimu mkuu nikadai vyoo vya wasichana mpaka vikajengwa, sikuwahi kujiuliza kwa nini mkoba ule usishikwe na mtu mwingine.

Mwaka jana dada akaanza kugonga miimo ya milango kwa bega la kushoto. Akawa analowesha uzi kwa ulimi mara tano, sita, kabla haujaingia kwenye tundu la sindano. Nilimpeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho. Pembeni kumeshakufa, hasa upande wa kushoto. Katikati bado kuna mwanga, ila anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote.

"Huu ugonjwa huja kimyakimya," daktari alisema. "Angeonwa miaka sita au saba nyuma, tungezuia sehemu kubwa. Hajawahi kupimwa macho hata mara moja?"

Tulipotoka, dada akanishika mkono pale ngazini.

"Mdogo wangu, usimwambie."

"Dada, huyo ni mumeo!"

"Ndiyo maana. Amebakiza kidogo apate gari. Unajua atanifundisha? Kila siku ananiambia. Akijua hili ataacha kununua. Mtu aliyekwenda mbali namna hiyo, mwache afike."

Nikakubali. Mtu anayejiita mpenda ukweli alikubali.

Basi, mwaka huu shemeji akapanda basi kwenda mji wa bandari, ambako magari yaliyotumika hushushwa na kupangwa yadini kama sabuni dukani. Siku ya pili akanipigia simu.

"Bi Katibu, nimenunua gari la wavivu."

"La otomatiki? Wewe uliyesema otomatiki ni kitanda chenye magurudumu?"

"Mimi huyohuyo. Goti la kushoto la dada yako linamsumbua akikanyaga cherehani siku nzima. Hili halina klachi. Mguu wa kushoto utapumzika tu." Akashusha sauti, utadhani dada alikuwa nyuma yake. "Na nimenunua vibao viwili vya L vya mwanafunzi, vyekundu, vipya kabisa. Usimwambie."

Nikawa ghala la siri za watu wawili wanaolala kitanda kimoja.

Yaliyotokea njiani alinisimulia mwenyewe, mengine kwa simu, mengine baadaye sana. Siku ya kwanza mguu wake wa kushoto ulikataa kupumzika. Kila alipotaka kupunguza mwendo uliruka kutafuta klachi, ukaikuta breki, na gari likasimama ghafla katikati ya barabara kama punda aliyeona nyoka. Mara ya tatu lori lililokuwa nyuma lilimkosa kwa nasibu. Dereva wake akalipitisha pembeni, akachungulia chini.

"Mzee, nani kakufundisha kuendesha?"

Aliegesha, akavua kiatu cha kushoto, akakitupa kiti cha nyuma. Mguu mtupu, alisema, ukumbuke kwamba leo hauna kazi. Mtu aliyewafukuza wanafunzi kwa ajili ya kandambili akaivuka nchi nzima na kiatu kimoja.

Kulikuwa na tambarare kavu ambako barabara ilinyooka mpaka macho yakachoka, kisha vilima vyenye ukungu. Mikono ilikuwa kwenye usukani lakini mdomo ulikuwa bado kazini: "Kioo. Indiketa. Geuza kichwa." Alitamka kila hatua kwa sauti, kama kawaida yake. Mchana akajisikia akisema, "Mama, punguza kidogo hapa, kona hii ni ya udanganyifu." Akagundua kwamba tangu asubuhi hakuwa akijifundisha yeye. Alikuwa anampa dada somo la kwanza, la pili na la tatu. Akaona si vibaya, akaendelea na la nne.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, aliingia kituo cha mafuta chini ya milima. Tangi likajazwa, akaenda msalani, akarudi, akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda. Akangoja. Upepo ulikuwa mzuri. Dakika zikapita. Mwanamke aliyekuwa kwenye pampu akamsogelea.

"Mzee, naomba msogeze gari, kuna foleni. Dereva wako kaenda wapi?"

"Anakuja sasa hivi."

"Ni yule bwana mwenye kofia?"

"Hapana, ni mama mmoja..." Hapo akatazama mkononi mwake. Ufunguo alikuwa nao yeye. Alikuwa ameketi kiti cha kushoto.

Alilisogeza gari kivulini, akalizima, akanipigia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia atafutiwe mwanafunzi hukohuko amrudishe nyumbani. Naye akacheka, kisha akatulia.

"Shemeji, unajua nilikuwa namngoja nani?"

Nilijua.

"Nilikuwa namwona kabisa, anatoka pale dukani na chupa ya maji, anakuja kuendesha. Sikuwaza hata kidogo. Nilimngoja kama unavyomngoja mtu wa kweli. Nimemchelewesha sana dada yako, eeh?"

Wakati wa kusema ulikuwa ule. Nilijiambia kwamba mbele yake kuna milima, kwamba mtu aliye peke yake barabarani hapewi habari nzito, kwamba busara ni kungoja. Zote ni sababu nzuri, na ningezikubali kwa mtu mwingine. Lakini gari lilikuwa limezimwa. Lilikuwa kivulini. Hapakuwa na hatari yoyote pale isipokuwa ukweli, nami nilikuwa nimeuogopa mwaka mzima.

"Endesha salama, shemeji," nikasema.

Alifika siku ya tatu, saa kumi jioni, akipiga honi tangu mwanzo wa mtaa. Dada alikuwa getini amevaa viatu bapa. Alilikaribia gari, akalipapasa kuanzia taa hadi buti kwa kiganja, kama anavyokagua kitambaa kama kina kasoro. Shemeji alikuwa amemfungulia mlango. Dada akaugonga kwa nyonga.

"Pole, mama, ningekuambia nimeufungua," shemeji akasema, akicheka kwa furaha. Mtu anayeona kosa la mwanafunzi kabla mwanafunzi hajalitenda hakuona kitu.

Hakutaka kula wala kuoga. Alifunga vibao vya L mbele na nyuma, akatuendesha hadi uwanja wa mpira wa shule, uliokuwa mtupu kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Mimi nilikaa nyuma, karibu na kile kiatu. Kisha akatoka, akazunguka, wakabadilishana viti. Kwa mara ya kwanza maishani dada alikaa kulia.

"Haya, mwanafunzi," shemeji akasema, "kabla ya kuwasha..."

Dada hakungoja. Akasogeza kiti mpaka goti likakunjika vizuri. Akarekebisha kioo cha ndani, kisha vya pembeni. Akafunga mkanda, akauvuta mara mbili. Akahakikisha handbreki imepandishwa na gia iko mahali pake, akitaja kila kitu kwa mpangilio, neno kwa neno.

"Nani kakufundisha?" shemeji akauliza.

"Wewe. Kila jioni unasoma masomo ya kesho kwa sauti, mimi nakata vitambaa chumba cha pili. Ulidhani masikio yangu yako sokoni?"

Shemeji alifunika uso kwa mikono, akacheka, na nadhani kicheko chenyewe hakikuwa kicheko chote.

Dada akaondoa gari. Aliliondoa kwa ulaini ambao mimi sikuupata hata baada ya miezi mitatu. Tukaenda hatua hamsini, mia. Shemeji akawa anapiga goti lake kwa furaha. "Safi! Safi sana! Kioo cha kushoto kina nini?"

"Kina uwanja."

"Na uwanjani kuna nini?"

"Nyasi, Mwalimu."

Kulikuwa na mlingoti wa goli. Ulikuwa upande wa kushoto, wa chuma, na gari lilikuwa linauelekea taratibu. Shemeji alinyamaza, kama mwalimu anavyomwachia mwanafunzi nafasi ya kuona mwenyewe. Nikasikia kisigino chake kikipiga sakafu. Mara moja. Mara ya pili, kwa nguvu. Alikuwa anakanyaga breki ambayo gari lile halina.

"Simama!"

Dada akasimama, bila kishindo. Mlingoti ulikuwa kiasi cha shibiri mbili kutoka kwenye kioo.

"Mama, hukuuona mlingoti?"

"Mlingoti upi?" dada akauliza.

Shemeji akatoka, akasimama mbele ya gari, upande wa kushoto, akainua vidole vitatu. Ndivyo huwapima wale anaowashuku hata baada ya karatasi ya daktari.

"Vingapi?"

Dada aligeuza shingo taratibu, akimtafuta. "Uko wapi?"

Nilimwona shemeji akishusha mkono. Kisha akanitazama mimi kupitia kioo cha mbele, na kwa jinsi nilivyoinamisha kichwa akajua kwamba nilijua.

Alirudi kwenye kiti chake. Dada akamweleza yote kwa maneno machache, kama mtu anayesoma vipimo vya sare: lini, daktari kasema nini, matone mangapi. Shemeji alisikiliza akitazama mbele.

"Karatasi moja," alisema hatimaye. "Nimewapeleka watu zaidi ya mia nne kwa daktari wa macho. Mwoka mikate nilimpeleka. Bi Katibu huyu nilimpeleka. Ningekuandikisha mwaka ule uliponiambia, ungeanza na ile karatasi. Siku ya kwanza tu."

"Nilikuomba," dada akasema.

Hakupaza sauti. Katika kamati zote nilizohudhuria sijasikia shtaka lililokamilika kuliko hilo.

Kisha dada akafungua mkanda. "Haya, njoo ushike usukani turudi. Nimeacha kitambaa mezani."

Mimi shemeji hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Tulipofika nyumbani alifungua vile vibao, akanirudia mlangoni.

"Pale kituo cha mafuta, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukacheka."

"Nilicheka, shemeji."

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata alikibandua kile kibandiko cha mwenye shule ukutani. Mwenye shule akabandika kingine. Nimeandika barua mbili kwa wanaosimamia shule za udereva, nikitaka kanuni hiyo ifutwe na ile ya macho iwe ya lazima kwa wote. Sijajibiwa, na nitaandika ya tatu. Wapo watakaosema ninabebesha karatasi ya ukutani mzigo wa ugonjwa. Sivyo. Karatasi haikumzuia mume kumshika mkono mkewe na kumpeleka hospitali. Ila mtu akizoea kuugawa ujuzi wake nje ya nyumba, hufika mahali hamwoni tena aliye ndani. Na sisi ndugu, tuliofaidika na mgawo huo, hucheka mezani. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, kana kwamba ni sifa. Hatuulizi mke wa mfinyanzi hulia nini.

Dada bado anashona mishono iliyonyooka. Matone humtia shemeji mwenyewe, kwa saa, hajakosa hata siku moja. Vibao vya L vimo kwenye buti, vimefungwa gazetini. Kila Jumanne humpeleka kliniki, na barabara yote dada humtamkia: "Kioo. Indiketa. Geuza kichwa." Naye hutii.

Lakini miaka ishirini na sita haitoki mguuni kwa urahisi. Nimemwona mara kadhaa, wanapotoka getini, akitangulia kulifikia gari kwa haraka, akaufungua mlango wa kushoto, akainama kuingia, kisha akaganda. Hapo hujinyoosha, akaushika mlango wazi, kana kwamba tangu mwanzo alikuwa anamfungulia mkewe. Na dada, ambaye katikati bado anaona, huingia, akaketi, akasema asante, na kumwacha adhani hakumwona.